Filimbi ya Nduku katika Kaseti ya Emali

Rafiki yangu Kimeu,

Kwa miaka yote niliyofundisha, niliwaagiza wanafunzi waanze barua kwa kuuliza hali ya mwandikiwa. Leo naiacha kanuni hiyo. Hali yako naijua. Nilikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza lako, na sikuondoka mpaka udongo ulipojaa. Kwa hiyo nitaanza moja kwa moja na jambo linalomhusu binti yako.

Nduku alishtakiwa mbele ya kamati ya waamuzi, na mwenyekiti wa kamati hiyo sasa ni mimi. Nitakueleza kwa utaratibu, kama ulivyokuwa ukinitaka nifanye kila nilipoinua kibendera: kwanza nilichokiona, halafu ninachofikiri.

Ulimwacha akichezesha mechi za shule za msingi tu. Siku hizi anachezesha wanaume. Mwanzoni timu zilicheka, kisha zikazoea, kwa sababu anakimbia kuliko wengi wa wachezaji wenyewe. Uwanja wa Emali ambao mimi na wewe tuliupima kwa kamba umekatwa upande wa barabara ili malori yapate mahali pa kuegeshwa, na mpigaji wa kona ya upande huo hana tena nafasi ya kurudi nyuma. Mkeo hajambo. Goti linamsumbua, na wakati mwingine bado humimina chai katika vikombe viwili, kisha anairudisha ya kimoja kwenye birika. Nilimwona akifanya hivyo. Nikasifu chai.

Sasa nije kwenye mechi. Mwezi uliopita ilichezwa fainali kati ya Emali na Kibwezi. Mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya ujenzi alitoa kikombe, naye ndiye aliyekuwa mgeni rasmi. Nduku alipewa filimbi. Mimi nilikaa kwenye benchi la kamati, kwa kuwa miguu yangu haikubali tena kukimbia na kibendera.

Emali walitangulia kwa bao moja. Mechi ikielekea kwisha, Kibwezi wakapata kona. Mpira ukapigwa, watu wakaruka pamoja, vumbi likapanda, na tulipopata kuona tena, mpira ulikuwa ndani ya wavu. Watu wa Kibwezi walipiga kelele kiasi kwamba hata mimi mwenyewe nisingejisikia kama ningesema. Vumbi lilipotulia, Nduku alikuwa amesimama karibu na lango, ameunyoosha mkono kuelekea upande wa pili. Uamuzi wake ulikuwa kwamba mshambuliaji wa Kibwezi alimshika kipa mkono kabla ya mpira kuingia. Bao likakataliwa, na mechi ikaisha moja kwa bila.

Wewe unajua kilichofuata, maana wewe mwenyewe uliwahi kutolewa uwanjani ukiwa katikati ya askari wawili. Walimzunguka.

"Refa wa jikoni!" mmoja alipiga kelele. "Rudi nyumbani, muthokoi unaungua sufuriani!"

"Mwacheni, anawapikia mashemeji zake!" akajibu mwingine.

Nduku ameolewa Emali, Kimeu. Hapo ndipo walipomshika. Katika mashtaka yao, Kibwezi hawakubisha kwamba kipa alishikwa mkono. Walisema kwamba Nduku aliuacha mpira uingie, akatazama kwanza ni nani aliyefunga, na alipoona ni Kibwezi ndipo akapuliza filimbi. Waliomba aondolewe kabisa katika orodha ya waamuzi. Kama kamati ingeridhika kwamba alipuliza baada ya mpira kuingia, tungelazimika kufanya hivyo, kwa sababu hilo si kosa la macho, ni kosa la moyo. Na nilijua kwamba yeye akiondoka, hapatakuwa na mwanamke mwingine atakayepewa filimbi katika wilaya hii kwa muda mrefu.

Mshika kibendera wa upande ule tulimhoji. Alikiri kwamba kelele zilimzuia kusikia chochote. Wachezaji sikuwahoji, kila mmoja angesikia filimbi mahali ambapo timu yake ingependa isikike.

Aliyeleta mashtaka ni Bwana Swaleh, msimamizi wa timu ya Kibwezi, yule mwenye duka la vitambaa ambaye babu yake alitoka pwani. Hukumjua vizuri. Ni mtu wa maneno laini, na maneno laini hunipa shida zaidi kuliko matusi.

"Mwalimu wangu," aliniambia, "sisi hatukuja mikono mitupu. Mechi nzima imerekodiwa. Kaseti ninayo mfukoni. Tuitazame, na jicho la mashine liseme."

Nami nilimjibu kwamba kamati haitazami kaseti.

Nilisema hivyo kwa sababu yako. Nilisema hivyo kwa sababu ya Tseikuru.

Nadhani sijawahi kumweleza mtu mwingine habari hiyo kwa ukamilifu. Idara ya mifugo ilikuwa imekuhamishia huko, nami nikaja wakati wa likizo ili tuchezeshe mechi za wafugaji. Malango yalikuwa nguzo mbili na kamba juu. Kila Jumapili watu walipigana kwa sababu hawakukubaliana kama mpira umepita ndani ya nguzo au nje. Wewe ukaenda kwa akina mama wa mwethya, kikundi chao cha kusaidiana kazi, wakasokota kamba za mkonge na kufuma nyavu mbili, kama wanavyofuma vyondo ila kwa matundu makubwa. Ugomvi ukapungua. Ungeishia hapo, ungebaki shujaa. Lakini wewe ulitaka ugomvi uishe kabisa. Ukaazima kengele za ng'ombe, ukazifunga nyuma ya wavu, na ukawatangazia watu wote: mpira ukigusa wavu, kengele italia, na kengele ikilia ni bao.

Mechi ya kwanza ilikwenda vizuri sana. Wazee walikuja kusikiliza tu, wakiwa wameketi na kuupa uwanja mgongo.

Katika mechi ya pili, mpira ulipigwa ukagonga wavu wa pembeni, kutoka nje. Kengele zikalia. Wewe ulikuwa unamtazama mchezaji aliyeanguka katikati ya uwanja, ukapuliza filimbi na kuonyesha bao bila hata kugeuka. Mimi niliinua kibendera. Ulikuja, nikakueleza, ukalifuta bao, na watazamaji wote wakaingia uwanjani. Namkumbuka mzee mmoja aliyekuwa na fimbo, amekusogelea mpaka kofia yake ikagusa kidevu chako. "Kengele hii imevaliwa na ng'ombe wangu tangu akiwa mtamba," alisema. "Haijawahi kunidanganya. Wewe umekuja juzi!"

Tulicheka tulipofika nyumbani, lakini wewe hukucheka kwa muda mrefu. Ulizifungua kengele, ukazirudisha kwa wenyewe, na ukaniambia: "Mwamuzi akipata kitu cha kumsikilizia, macho yake huenda likizo." Tangu siku hiyo ulishikilia kwamba uamuzi huzaliwa uwanjani na kumalizikia uwanjani. Ndivyo ulivyotufundisha sote. Ndivyo ulivyomfundisha Nduku.

Kwa hiyo nilimwita nyumbani kwangu nikamwambia kwamba asiwe na wasiwasi. Kaseti haitatazamwa. Kanuni inasema uamuzi wa mwamuzi ni wa mwisho, na bila ushahidi mashtaka yataanguka yenyewe.

Hakufurahi kama nilivyotarajia.

"Uamuzi utabaki, Mwalimu," alisema. "Na mimi je? Kila uwanja nitakaokwenda nitakuwa refa wa jikoni."

"Watasahau."

"Watu wa Kibwezi? Hao hawajasahau hata mechi ulizoshika kibendera wewe."

Nilimuuliza angefanya nini kama kaseti ingeonyesha kwamba alichelewa kupuliza. Akajibu kwamba basi atakuwa amechelewa, na tutamwondoa. Nikamwambia kwamba baba yake asingekubali kamwe. Nilidhani neno hilo lingefunga mazungumzo. Akatazama chini, nami nikajilaumu kwa kukuingiza. Kisha akasema:

"Baba aliziondoa kengele kwa sababu zilimzuia kutazama. Kaseti hii inanizuia nini? Mimi nimeshatazama. Nimeshapuliza."

Nilitafuta jibu lako, Kimeu, nikalikosa. Kesho yake nilimpelekea Bwana Swaleh ujumbe kwamba kaseti itatazamwa.

Tulikutana Emali, katika chumba cha nyuma cha hoteli moja ambamo vijana hulipa kiingilio kutazama filamu za kupigana. Madirisha yalizibwa kwa magunia ili picha ionekane. Walikuwapo wanakamati, Bwana Swaleh na nahodha wake, nahodha wa Emali, Nduku, na mwenye kamera, kijana mmoja mstaarabu aitwaye Kilonzo. Kazi yake ni kurekodi harusi. Mfanyabiashara aliyetoa kikombe ndiye aliyemleta uwanjani.

Kaseti ikawekwa. Tulipita sehemu za mwanzo kwa haraka, wachezaji wakikimbia kama siafu waliomwagiwa maji, mpaka tukafika kwenye kona. Mpigaji akauweka mpira chini. Akarudi nyuma hatua moja, maana zaidi ya hapo kuna lori.

Na hapo, rafiki yangu, picha ikageuka. Uwanja ukatoweka. Badala yake akatokea mgeni rasmi, ameinuka kitini, anafunga vifungo vya koti na kuinyoosha tai yake. Alikaa hapo kwenye kioo, mkubwa na mtulivu, huku nyuma yake kukisikika mshindo wa watu. Picha iliporudi uwanjani, mpira ulikuwa ndani ya wavu na Nduku ameshanyoosha mkono.

"Kilonzo!" Bwana Swaleh alisema. "Kona inapigwa, wewe unatazama tai?"

Kilonzo alikuwa ametota jasho. "Samahani, Mzee. Mimi nimezoea harusi. Mtu mkubwa akisimama, ni lazima nimfuate. Pengine anataka kutoa hotuba. Nikimkosa, familia haitaniita tena."

"Na hapo alitoa hotuba gani?"

"Alikuwa anajinyoosha tu."

Nahodha wa Emali alicheka mpaka nikamkemea. Hata hivyo nahodha wa Kibwezi hakukata tamaa. Alidai kwamba mgeni rasmi aliinuka kwa sababu aliona bao safi. Mwanakamati mmoja, ambaye sitamtaja hata kwako, akaanza kukubaliana naye. Nikaona tunaelekea kulihukumu jina la mtu kwa ushahidi wa koti. Nikawa nimeshafungua mdomo kuahirisha kikao.

Nduku akainuka. Alivua leso aliyokuwa amejitanda mabegani, akaifunika televisheni.

"Irudishe kidogo," alimwambia Kilonzo. "Tusikilize."

Kilonzo akairudisha. Tuliketi katika giza la magunia, wazee kwa vijana, tukiikodolea macho leso. Zilisikika sauti za kawaida za uwanjani, mtu akiita karanga, mtu akimwambia mwenzake akae chini. Kiatu kikagonga mpira. Kisha filimbi. Kisha, baada ya filimbi, mshindo wa watu wa Kibwezi wakishangilia bao, mkubwa kiasi cha kuifanya spika ikwaruze.

Filimbi ilitangulia. Ilikuwa peke yake kabisa, kama mtu aliyefika mkutanoni kabla ya wengine.

Nami lazima nikwambie jambo moja ambalo halihusu kamati. Ilikuwa namna yako ya kupuliza. Fupi, kavu, bila mkia. Miaka yote nimemtazama Nduku akichezesha na sikuwahi kuitambua, kwa sababu nilikuwa nikimtazama yeye. Ilinibidi nitafute gizani mahali pa kuuweka uso wangu. Niliinama kana kwamba nafunga kamba za viatu, nikakaa hivyo mpaka nilipoweza kuinuka kama mwenyekiti.

Bwana Swaleh aliomba irudiwe. Ikarudiwa. Akaomba tena. Mara hiyo ya mwisho alifumba macho, ingawa leso ilikuwa bado imefunika kioo.

"Filimbi imetangulia," alisema. "Mimi ni mtu mzima, siwezi kulikana sikio langu. Bibi refa, nimekukosea."

Ningependa kuishia hapo. Ungekuwa mwisho mzuri, nami ningekuandikia kwamba binti yako ameshinda, nikafunga barua. Lakini nahodha wa Kibwezi alikuwa na haki ya kusema, akaitumia. Aliomba kaseti irudishwe mpaka kipindi cha kwanza, kwenye shambulio moja ambalo wao waliamini beki wa Emali aliuzuia mpira kwa mkono ndani ya eneo la adhabu. Nilitaka kukataa, kwa kuwa jambo hilo halikuwamo katika mashtaka. Nduku alikuwa ameshaiondoa leso.

Safari hii mgeni rasmi alikuwa amekaa, na kamera ilikuwa mahali pake. Mkono ulionekana. Haukuhitaji kurudiwa.

"Mkono upo," Nduku alisema. "Kulikuwa na mtu mbele yangu, sikuuona. Ilikuwa penalti yenu."

Alisema mbele ya wote, kwa sauti ile ile ambayo angetumia kuniambia kwamba mvua imeanza kunyesha. Hakuna aliyejua aangalie wapi. Katika maisha yangu yote ya uwanjani sijawahi kumsikia mwamuzi akitamka maneno hayo mbele ya timu iliyofungwa. Wewe hukuyatamka. Mimi sikuyatamka.

Nilikasirika. Nilimfuata nje nikamwambia kwamba ametoka kusafishwa jina, na papo hapo amelitia tope yeye mwenyewe. Nilimwambia kwamba mwamuzi akikiri mara moja, timu zitamdai akiri kila Jumamosi.

"Ulitaka niseme sioni, Mwalimu?" aliniuliza. "Televisheni iko pale, kubwa hivi, nami niseme sioni?"

Nikamwacha, nikarudi ndani.

Kamati iliamua hivi. Mashtaka ya upendeleo yalitupiliwa mbali. Matokeo ya mechi yalibaki, kwa sababu mechi huchezwa mara moja. Mwanakamati yule yule wa koti alitaka Nduku apewe onyo kwa sababu ya mkono uliompita. Nikauliza ni nani kati yetu tuliokaa kwenye benchi aliyeuona mkono huo siku ile. Hakuna aliyejibu. Onyo halikutolewa.

Tangu hapo, mambo uwanjani si kama ulivyoyaacha. Mwamuzi yeyote akipuliza, wapo wanaopiga kelele "Video! Video!" hata mahali ambapo hakuna kamera wala umeme. Vijana wamezoea kuona kwenye televisheni mabao ya Ulaya yakirudiwa polepole, nao wanadhani Mungu aliwaumba waamuzi wa huko wakiwa na macho mengine. Waamuzi wetu wawili wamekataa kuchezesha penye kamera. Sikuwalaumu. Mwingine amekuja kuniomba akaitazame kaseti ya mechi yake, peke yake, mlango ukiwa umefungwa. Huyo pia sikumlaumu.

Nami ninafikiri nini? Nafikiri ulikuwa sahihi Tseikuru. Kitu kinachopiga kelele kabla mwamuzi hajaona ni hatari. Lakini tulichukua somo la kengele tukalitandaza juu ya kila kitu, na kwa miaka mingi tukaita uthabiti jambo ambalo wakati mwingine lilikuwa ni kuogopa kutazama nyuma. Nasema "tuli-" kwa makusudi. Wewe huwezi kujitetea, kwa hiyo sitakuachia mzigo peke yako.

Jumapili iliyopita Bwana Swaleh alikuja hapa nyumbani. Kibwezi wanacheza na timu kutoka Kitui mjini Jumamosi ijayo, kwenye uwanja wao wenyewe. Alitaka mwamuzi. Nikamtajia majina mawili ya watu wazima wenye uzoefu. Akatikisa kichwa.

"Tunamtaka yule yule," alisema. "Wengine wakikosea, tutagombana mpaka mwakani. Huyu akikosea atatuambia."

Akaongeza kwamba kamera itakuwapo. Nilimpelekea Nduku habari hiyo nikitumaini, nakiri, kwamba atasita. Hakusita. Aliuliza tu mechi inaanza saa ngapi na kama uwanja umechorwa chokaa.

Nakumbuka hospitalini, ulipokuwa huwezi tena kuinua kichwa, ulinishika mkono ukasema: "Nduku. Wasimchezee." Nikakuahidi kwamba nitamlinda. Nilielewa kwamba kumlinda ni kumficha nyuma ya kanuni, na ndivyo nilivyojaribu kufanya. Naomba uniruhusu niibadilishe ahadi hiyo. Nitakwenda Kibwezi Jumamosi, nitaketi mahali ambapo anaweza kuniona. Kaseti ikichezwa baada ya mechi, nitaketi karibu naye na kuitazama mpaka mwisho, iwe inamtetea au inamkosoa, na nikiona kosa nitalitaja kwa sauti kabla ya mtu mwingine kulitaja. Sitamficha tena, si kwa jina langu wala kwa jina lako.

Pumzika vyema, Kimeu. Umelala na haki yako yote. Huyu uliyemwacha hahitaji tusimame mbele yake.

Mimi mwenzako wa miaka mingi, uliyeniachia kibendera.